Hesabu moja, majibu mawili: kwa nini tunabishana?

Huenda imeshakufikia kwenye simu yako, kupitia kundi la WhatsApp la familia, la kwaya au la wale mliosoma pamoja:

8 ÷ 2(2 + 2) = ?

Chini yake kuna maneno ya kuchokoza, kwamba watu wengi hukosa. Baada ya dakika chache kundi limegawanyika. Wengine wanasema 16, wengine wanasema 1, na kila upande unajiuliza wenzao walisoma shule gani.

Hesabu hii ilisambaa kwa kasi mitandaoni mwishoni mwa Julai 2019. Ubishi ukawa mkubwa hadi gazeti la New York Times la Marekani likampa nafasi mwanahisabati Steven Strogatz wa Chuo Kikuu cha Cornell kuieleza. Miaka imepita, lakini hesabu hiyo na ndugu zake wa aina hiyohiyo bado wanazunguka kutoka simu hadi simu.

Tumeamua kuieleza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ndogo: ukishaielewa, hutapoteza tena bando lako kubishana. Ya pili ndiyo kubwa. Ubishi wa namna hii hutokea pia kwenye mikataba ya mikopo, kwenye mauzo ya mazao na kwenye vikundi vya kuweka na kukopa. Huko, aliyeelewa vibaya hulipa kwa fedha yake.

Pande zote mbili zimefuata kanuni

Tuanze na jibu la 16. Waliosoma shule za msingi Tanzania wanaikumbuka MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Unaanza na mabano: 2 + 2 ni 4. Sasa una 8 ÷ 2 × 4. Kugawanya kunatangulia, kwa hiyo 8 ÷ 2 ni 4. Mwisho 4 × 4 ni 16.

Jibu la 1 linatoka wapi? Wapo wanaoona kwamba ile 2 imegandana na mabano, haina alama ya kuzidisha katikati, kwa hiyo 2(2 + 2) ni kitu kimoja kisichotenganishwa. Kwao, 2(4) ni 8, kisha 8 ÷ 8 ni 1. Huo si uvivu wa kufikiri. Katika aljebra, mtu akiandika 8 ÷ 2a, wengi husoma kwamba 8 inagawanywa kwa 2a yote. Wengine hufika kwenye 1 kwa njia tofauti kidogo: Marekani watoto hukariri kifupisho cha PEMDAS, ambamo herufi ya kuzidisha imetangulia ile ya kugawanya, nao huidhani ndiyo amri ya kuzidisha kwanza.

Hapo tayari tunaona tatizo. MAGAZIJUTO yetu imetanguliza kugawanya, na BODMAS inayofundishwa Kenya na Uganda nayo imetanguliza kugawanya. Ya Wamarekani imetanguliza kuzidisha. Je, hesabu za Dodoma na za Chicago ni tofauti? Hapana. Walimu wa pande zote wanakubaliana kwamba kuzidisha na kugawanya vina hadhi sawa, na vikifuatana unakwenda kutoka kushoto kuelekea kulia. Vivyo hivyo kujumlisha na kutoa. Vifupisho vimebuniwa ili kusaidia kumbukumbu tu, na lazima herufi moja itangulie nyingine.

Jaribu hii: 10 − 3 + 2. Mwanafunzi anayeishika MAGAZIJUTO neno kwa neno atasema JU inatangulia TO, ajumlishe 3 na 2 apate 5, kisha atoe 5 kwenye 10 na kubaki na 5. Lakini fikiria fedha mfukoni. Ulikuwa na shilingi 10,000, ukatumia 3,000, kisha ukalipwa deni la 2,000. Una 9,000. Hakuna atakayekubali kuambiwa ana 5,000. Jibu ni 9, kwa sababu tunakwenda kutoka kushoto kwenda kulia.

Basi nani yuko sahihi?

Strogatz alieleza kwamba kwa kanuni ya kawaida ya shuleni, jibu ni 16. Lakini alisema pia kwamba hakuna mwanahisabati wa kazi hiyo ambaye angeiandika hesabu namna ile. Angeongeza mabano ili msomaji asibahatishe. Shirika la Viwango la Kimataifa, ISO, nalo linaelekeza kwamba mkwaju wa kugawanya usifuatwe na alama nyingine ya kuzidisha au kugawanya kwenye mstari uleule bila kuwekewa mabano. Wataalamu walishaujua mtego huu.

Hata mashine hazikubaliani. Baadhi ya vikokotoo vya kisayansi vya Casio hutoa 1 kwa hesabu hii, na vingine vya kampuni hiyohiyo hutoa 16. Baadhi ya vipya huongeza mabano vyenyewe kwenye kioo, ili uone jinsi vilivyoielewa hesabu yako kabla hujaliamini jibu. Na usiende mbali. Chukua kile kikokotoo kidogo cha dukani, andika 2 + 3 × 4. Vingi vitakupa 20, kwa sababu hujumlisha palepale unapobonyeza alama inayofuata. Andika hiyohiyo kwenye simu janja, utapata 14, kwa sababu simu imefundishwa kuzidisha kwanza. Mwenye duka anayechanganya vifaa hivi viwili anapaswa kulijua hilo.

Sababu ya yote haya ni kwamba alama na mpangilio wake ni makubaliano ya watu. Alama ya ÷ ilitumika kwa maana ya kugawanya katika kitabu cha Mswisi Johann Rahn mwaka 1659. Kabla ya hapo watu waligawanya bila hiyo. Ni kama kuendesha gari. Tanzania tunapita kushoto, Rwanda wanapita kulia, na dereva anayevuka mpaka wa Rusumo hubadilisha upande. Hakuna upande ulio wa kweli zaidi. Kosa ni watu wawili kuingia barabara moja kila mmoja akifuata makubaliano yake.

Njia rahisi ya kuumaliza ubishi ni kuirudisha hesabu kwenye maisha. Machungwa 8 yamepelekwa kwenye nyumba 2. Kila nyumba ina wasichana 2 na wavulana 2. Kila mtoto atapata mangapi? Moja. Sasa badilisha habari. Ndugu 2 wamevuna mikungu 8 ya ndizi wakagawana sawa. Mmoja wao akauza mikungu yake, na kwa kila mkungu akalipwa shilingi elfu 2 za kutanguliza na elfu 2 za kumalizia. Ana shilingi elfu ngapi? Kumi na sita. Namba ni zilezile. Habari ni mbili, na majibu ni mawili, kila moja sahihi mahali pake. Hesabu iliyoandikwa bila habari na bila mabano ya kutosha haikutuambia ni ipi kati ya hizo mbili.

Pale ambapo jibu ni moja, lakini akili inawahi

Si kila ubishi unatokana na swali bovu. Lipo fumbo ambalo maneno yake yako wazi kabisa na jibu ni moja tu, bado wengi tunakosa. Tuliseme kwa jembe. Jembe na mpini wake vinauzwa kwa pamoja shilingi 11,000. Jembe limezidi bei ya mpini kwa shilingi 10,000. Mpini ni shilingi ngapi?

Jibu linalokuja haraka ni 1,000. Lipime. Kama mpini ni 1,000 na jembe limezidi kwa 10,000, basi jembe ni 11,000, na vyote viwili ni 12,000. Imezidi. Jibu sahihi ni 500: mpini 500, jembe 10,500, jumla 11,000.

Fumbo la namna hii, kwa mfano wa gongo na mpira wa kuchezea, lilitumiwa na mtafiti Shane Frederick katika utafiti aliouchapisha mwaka 2005. Aliwapa maelfu ya watu maswali matatu ya aina hiyo. Hata katika chuo cha MIT huko Marekani, kinachosifika kwa sayansi na hesabu, waliopata yote matatu hawakufika nusu. Kwa hiyo ukikosa, huna haja ya kuona haya. Akili yetu imezoea kunyakua namba iliyo karibu. Dawa yake ni ndogo: jibu likija, lirudishe kwenye swali ulipime.

Asilimia hututega kwa njia hiyohiyo. Bei ya gunia la mahindi ilikuwa shilingi 100,000 ikashuka kwa asilimia 20. Baadaye ikapanda kwa asilimia 20. Je, imerudi ilipokuwa? Wengi watasema ndiyo. Lakini iliposhuka ilifika 80,000, na asilimia 20 ya 80,000 ni 16,000 tu. Bei mpya ni 96,000. Asilimia ni ileile, lakini kile inachohesabiwa juu yake kimebadilika. Mkulima anayesikia kwamba bei imepanda kwa kiwango kilekile ilichoshuka anaweza kudhani hasara imefutika, kumbe bado shilingi 4,000 kwa kila gunia.

Pale ambapo swali lina sharti lililojificha

Aina ya tatu ya ubishi ndiyo iliyowahi kuwaumbua hata wasomi. Septemba 1990, mwandishi Marilyn vos Savant wa jarida la Parade nchini Marekani alijibu swali lililotokana na mchezo wa televisheni. Kuna milango mitatu. Nyuma ya mmoja kuna gari, nyuma ya miwili kuna mbuzi. Unachagua mlango mmoja. Mwendesha mchezo, ambaye anajua gari liko wapi, anafungua mlango mwingine na kukuonyesha mbuzi. Kisha anakuuliza: unabaki na mlango wako, au unahamia ule mwingine uliofungwa?

Vos Savant alijibu: hamia, kwani nafasi yako ya kushinda itakuwa mara mbili. Barua zipatazo 10,000 zikamiminika, nyingi zikimwambia amekosea. Karibu 1,000 kati ya hizo zilitoka kwa watu wenye shahada ya uzamivu, baadhi yao walimu wa hisabati wa vyuo vikuu, na wengine waliandika kwa dharau. Hoja yao ilikuwa nyepesi: imebaki milango miwili, kwa hiyo ni nusu kwa nusu.

Aliyekuwa sahihi ni vos Savant. Unaweza kulijaribu leo nyumbani. Chukua vikombe vitatu na punje moja ya harage. Mwenzako afiche punje chini ya kikombe kimoja bila wewe kuona. Chagua kikombe. Yeye, kwa kuwa anajua, afunue kitupu kimoja kati ya viwili vilivyobaki. Rudieni mara 30, na kila mara wewe hamia kile kingine. Uchaguzi wako wa kwanza utakuwa sahihi kama mara 10, kwa sababu vikombe ni vitatu. Hizo mara 10 utapoteza kwa kuhama. Zilizobaki, kama mara 20, utashinda. Vos Savant naye aliwaomba walimu wafanye majaribio ya namna hiyo darasani, na waliofanya walijionea wenyewe. Hata Paul Erdős, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20, hakukubali hadi alipoonyeshwa matokeo ya majaribio ya kompyuta.

Siri iko kwenye sharti moja: mwendesha mchezo anajua, na daima hufunua kitupu. Ondoa sharti hilo, aseme anafunua kwa kubahatisha na ikatokea kikombe kikawa kitupu, hapo kweli inakuwa nusu kwa nusu. Waliobishana walikuwa wakihesabu vikombe, wakasahau kuuliza aliyefunua alijua nini.

Sharti hilo lina funzo pana. Unapofanya biashara na mtu anayejua usichokijua, kama vile bei ya mazao mjini au kasoro ya ng'ombe anayekuuzia, kila anachokuonyesha na kila anachokuficha kina maana. Uliza anajua nini kabla ya kuhesabu nafasi yako.

Fumbo likiingia kwenye mkopo

Sasa tuje kwenye fedha. Mtu anakuambia: “Nakukopesha shilingi 600,000 kwa miezi 6, riba asilimia 3.” Unadhani umeelewa. Hebu tuhesabu.

Kama ni asilimia 3 mara moja kwa mkopo wote, riba ni shilingi 18,000.

Kama ni asilimia 3 kila mwezi kwenye deni lililobaki, na unapunguza deni kwa 100,000 kila mwezi, riba ni 18,000, kisha 15,000, 12,000, 9,000, 6,000 na 3,000. Jumla ni shilingi 63,000.

Kama ni asilimia 3 kila mwezi kwenye mkopo wote wa mwanzo, hata ukiwa umeshalipa zaidi ya nusu, riba ni 18,000 mara 6. Jumla ni shilingi 108,000.

Neno ni lilelile, “asilimia 3”, na majibu ni matatu. Kati ya la chini na la juu kuna tofauti ya shilingi 90,000. Hapa hakuna aliyekosea kuzidisha. Mkopaji na mkopeshaji wamesoma swali tofauti, kama wale wa 16 na 1. Tofauti ni kwamba kwenye WhatsApp mnaachana kwa kicheko. Kwenye mkopo, mwenye karatasi iliyosainiwa ndiye ambaye usomaji wake unatawala, na asiyelipa anaweza kuchukuliwa mbuzi, pikipiki au shamba aliloweka dhamana.

Hili si jambo la kufikirika. Mikopo inayoitwa “kausha damu” imeliza familia nyingi nchini Tanzania. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka wakopeshaji wadogo wawe na leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali. Lakini hata kwa mkopeshaji mwenye leseni, kuelewana kuhusu hesabu kunabaki kuwa kazi yako na yake kabla ya saini.

Vikundi vyetu navyo vina mafumbo yake. Mwanachama mmoja amenunua hisa 10 mwezi Januari, mwingine amenunua hisa 10 mwezi Oktoba. Desemba ikifika, wapate gawio sawa? Mmoja atasema ndiyo, hisa ni hisa. Mwingine atasema hapana, fedha yangu imezunguka miezi mingi zaidi. Hakuna kikokotoo kitakachowaamua, kwa sababu wote wawili wanahesabu vizuri. Kinachowaamua ni katiba ya kikundi. Kama haikusema, ubishi huo utarudi kila mwisho wa mwaka hadi kikundi kivunjike. Iandikeni kanuni mapema, wakati bado hakuna anayejua itampendelea nani.

Na sokoni, “gunia” ni kilo ngapi? Wakala wa Vipimo wamekuwa wakipambana na lumbesa kwa miaka mingi kwa sababu hiyohiyo. Bei ya gunia inaweza kukubaliwa na pande zote mbili bila ubishi wowote, kumbe mnunuzi anafikiria gunia lenye kilemba juu, na mkulima anafikiria lililofungwa sawasawa mdomoni.

Maswali manne kabla ya kubishana

Kwa hiyo, fumbo lijalo likiingia kwenye simu yako, au mkataba ukiwekwa mezani, jiulize na kuwauliza wenzako haya.

Kwanza, swali linaweza kusomwa kwa njia zaidi ya moja? Kama ndiyo, msibishane kuhusu jibu kabla ya kukubaliana kuhusu swali.

Pili, ni asilimia ya nini, na kwa muda gani? Ni gunia la kilo ngapi? Ni hisa za tangu lini?

Tatu, nimelipima jibu langu kwa kulirudisha kwenye swali, au nimeshika lililokuja kwanza?

Nne, kuna sharti ambalo halikusemwa, na nani kati yetu analijua?

Wazee walisema kuuliza si ujinga, na kwenye hesabu za fedha kutouliza ndiko kunakogharimu. Ukienda kukopa, mwombe anayekukopesha aandike kwa shilingi, siyo kwa asilimia pekee: nitapokea kiasi gani mkononi, nitalipa kiasi gani kila mwezi, na hadi siku ya mwisho nitakuwa nimelipa jumla ya shilingi ngapi. Akisita kuziandika namba hizo tatu, kalamu yako ibaki mfukoni.